Mikono kwenye bango la marehemu baba ilinitia wivu, nikaamuru lipigwe gundi

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi. Nakula visa vya wenzangu, nacheka, nafunga simu bila kuchangia hata neno. Leo nimeona zamu yangu imefika. Haya nitakayosimulia yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa mkoani Pwani, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga. Majina ya watu nimebadili, ya vijiji nimeyaacha.

Niseme mapema kwamba uzi huu ni wa wivu. Si wivu wa mapenzi. Waliokuja kutafuta habari za michepuko wavumilie, mama yangu ana kipande chao huko mbele.

Twende.

Mimi ni mkazi wa Visiga, Kibaha. Nina stationery kando ya Morogoro Road. Natoa kopi, nachapa barua, napiga lamination vyeti vya watu. Nina skana nzuri, na hiyo skana ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo haya.

Marehemu baba yangu alikuwa mchoraji wa mabango ya mabanda ya video.

Vijana wa sasa hivi ngoja niwaeleze, wakubwa mtanisamehe. Zamani kabla kila mtu hajawa na filamu mfukoni, mtu mmoja kijijini alikuwa na TV, deki na jenereta, na banda la makuti. Ukilipa kiingilio unaingia, unakaa kwenye benchi, unaangalia Wachina wakipigana. Nje ya banda kulikuwa na bango la plaiwudi lenye picha ya steringi, yaani mchezaji mkuu, na jina la filamu, ili wapita njia wajue leo kuna nini.

Sasa mchoraji mwenyewe filamu hajaiona. Mwenye banda anamwambia tu, "Kuna jamaa mmoja anapigana na watu kumi," basi baba anachora jamaa anapigana na watu kumi. Sura anazitoa kwa watu waliomzunguka. Pale Mlandizi kuna muuza nyama alikuwa komando wa Kimarekani msimu mzima, na watu walikuwa wanampigia saluti buchani.

Jambo la pili, na hili mlishike maana ndilo lenye kisa. Plaiwudi ilikuwa mali. Filamu ikibadilika, bango halitupwi. Baba alikuwa anapaka rangi nyeupe ya maji juu ya picha ya zamani, anaiacha ikauke, kisha anachora picha mpya juu yake kwa rangi ya mafuta. Bango moja linabeba filamu juu ya filamu. Kila kazi yake aliizika yeye mwenyewe kwa kazi iliyofuata.

Alikuwa anazunguka. Mlandizi, Kisarawe, Chole, Maneromango. Akienda Maneromango barabara ikiharibika na mvua, hatumuoni wiki nzima na zaidi. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, namsubiri pale barazani na mpira wangu wa makaratasi, akirudi mimi nishalala.

Alipofariki, sikuwa na hata kipande cha kazi yake. Nikaanza kutafuta. Nikapata mabango matatu kwa watu wa Mlandizi, moja lilikuwa meza ya kuuzia nyanya. Nikayasafisha, nikayapiga picha vipande vipande, nikaunganisha kwenye kompyuta, nikarekebisha rangi zilizopauka. Nikafungua page mtandaoni. Baadaye nikaongeza makava ya kanda za video, tiketi za majumba ya sinema ya zamani, vyote nimevikwangua uchafu na kuviskani, watu waone bure.

Page ikachangamka. Na kilichoichangamsha ni mikono.

Kwenye mabango yote matatu, steringi haonyeshi mikono. Wa kwanza ameitia mfukoni, na hapo anapigana karate. Wa pili ameiweka nyuma. Wa tatu mikono imefichwa na herufi za jina la filamu. Mimi nikaandika, "Mzee alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa mikono." Watu wakacheka sana. Ukawa utani wa page. Nikachapisha na fulana, steringi kachomeka mikono mfukoni, na ziliuzika.

Mama yangu, ambaye naishi naye, hakuwahi kuucheka utani huo. Nikimwonyesha anatazama pembeni. Nilidhani ni kwa sababu haelewi mambo ya mtandao.

Basi nikawa mimi ndiye mimi. Ukitaka habari za mabango ya video Pwani, unaelekezwa kwangu. Nilishaanza kutembea Visiga kifua mbele.

Ndipo akaibuka Zuhura.

Zuhura yuko Kisarawe mjini, ana saluni, kazi yake kubwa ni kucha. Siku moja akaweka video anasafisha kava la kanda ya zamani kwa pamba na vile vijiti vyake vya kucha, taratibu, anaongea kwa sauti ya chini kana kwamba kava limelala. Video ikasambaa. Akaweka ya pili, akaweka ya tatu. Kabla sijakaa sawa, wafuasi wake wakawapita wangu.

Wakuu, niliumia.

Nilifungua akaunti nyingine isiyo na jina langu wala picha yangu, kazi yake moja tu, kumchungulia Zuhura bila yeye kujua. Mteja anasubiri kopi, mimi nahesabu moyoni komenti za mtu. "Dada una mikono ya baraka." "Dada unafanya kwa upendo." Mimi nimefanya miaka hakuna aliyeniambia nina mikono ya baraka. Walikuwa wananiletea vikatuni vya kucheka tu.

Tena kibaya zaidi, yeye hakuwa anarekebisha rangi. Mimi nilikuwa nang'arisha, naziba nyufa kwenye kompyuta, kitu kinatoka kama kimechorwa jana. Yeye anaacha ufa, anaacha doa, anasema hivyo ndivyo kilivyoishi. Watu wakaja kwenye page yangu, yangu mimi, kuniambia nijifunze kwa dada wa Kisarawe. Niliwablock wawili.

Sasa siku moja asubuhi akaweka picha ya bango. Kaandika kwamba limetoka nyumbani kwao Maneromango, marehemu baba yake alikuwa na banda la video, na bango hilo kwa miaka yote lilikuwa mlango wa banda la kuku.

Nikatazama. Steringi mrefu, shati jekundu, nywele za kuchana pembeni. Mikono mfukoni.

Sikuhitaji kuambiwa. Ule ni mkono wa baba yangu. Na yule mwanamke analo yeye, ndani ya saluni yake, na komenti zinamiminika.

Nilifunga stationery. Nikachukua pikipiki, nikapita Mbezi, Kinyerezi, hadi Pugu, nikapandisha mlima wa Kisarawe na manyunyu usoni. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba.

Saluni yake ni chumba kimoja kisafi. Nilipojitambulisha alinyanyuka kwenye kiti. Hakujua kama mwenye ile page ni mtoto wa mchoraji, maana kule sikuandika jina langu, na baba nilimwita "Mzee" tu.

"Wewe ndiye Hamisi wa Mzee Salehe?" aliniuliza. "Karibu kaka. Karibu sana, kaa."

Alimwambia mteja wake asubiri kidogo, akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha. Hotuba yangu ikaanza kukosa pa kutokea.

Bango alikuwa amelilaza mezani chumba cha nyuma. Nikalishika. Lilikuwa zito kwa unyevu, na pembeni lina alama za kucha za kuku. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Huyu ni mzee kabisa. Si unaona mikono? Hakuweza kuchora mikono."

Zuhura akanitazama. Akasema, "Aliweza."

Akanionyesha sehemu moja chini, karibu na mkanda wa steringi. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye ile rangi nyeupe ya katikati, ikalainika, na rangi ya juu ikabanduka kipande kidogo. Pale palipobanduka picha ya chini ilikuwa inachungulia.

Vidole vinne. Vimeshika kitu.

Wakuu, vilikuwa vidole hasa. Vina pingili, vina kucha, kimoja kimejikunja vizuri kabisa. Ila vilikuwa vidogo. Vidole vya mtoto kwenye mwili wa mtu mzima.

"Ni vyangu," Zuhura akasema.

Akanieleza. Baba alipokuwa anakuja Maneromango alikuwa anafikia kwao. Yeye alikuwa darasa la pili. Baba alikuwa anamsimamisha uani na mchi wa kutwangia, mchi ndio upanga, anamwambia aushike kwa nguvu asitikisike. Akichoka anampa rangi kidogo kwenye kifuu acheze nayo. Alimfundisha kuchanganya kahawia. Alikuwa akimpigia hadithi za filamu ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuziangalia.

"Alikuwa mtu wa maneno mengi," alisema, anacheka. "Ananichekesha halafu ananigombeza kwa nini natikisika."

Baba yangu. Mtu wa maneno mengi.

Mimi baba niliyekuwa naye alikuwa anarudi amechoka, anakula, analala. Hadithi sikuwahi kupigiwa hata moja. Kilichonipata sitakipamba jina, ulikuwa wivu. Si wa wafuasi tena. Huyu mtu alimfaidi baba yangu zile wiki nilizokuwa nakaa barazani, halafu sasa ananikaribisha mihogo.

Akaendelea na mambo ya kazi. Alisema bango halisubiri. Rangi nyeupe ya katikati inamong'onyoka, na yote mawili yataporomoka. Njia ni mbili. Ama aiondoe picha ya juu taratibu kwa pamba ya maji, tuione ya chini, na ya juu tubaki nayo kwenye picha tu. Ama aipige gundi ya mbao iliyozimuliwa, aipenyeze kwa sirinji chini ya rangi ya juu, ishike moja kwa moja.

"Nikipiga gundi hakuna kurudi, kaka. Ya chini ndiyo basi tena. Bango ni la kwetu, lakini mkono ni wa baba yako. Siligusi mpaka useme wewe."

Mtu mwingine angeliguswa na heshima hiyo. Mimi niliona nafasi.

"Piga gundi," nilisema.

"Kaka, ya chini ina mikono..."

"Watu wanamjua mzee kwa mikono mfukoni. Hiyo ndiyo kazi yake. Piga gundi."

Mnaelewa nilichokuwa nafanya? Nilikuwa nataka ile mikono yake irudi gizani. Utani wangu, fulana zangu, baba yangu ninayemjua mimi, vibaki vilivyo. Yeye alitikisa kichwa polepole, akasema sawa, ataanza Jumamosi asubuhi saluni ikiwa haijafunguliwa.

Nikaondoka. Alinifuata hadi nje, anasema, "Kaka Hamisi, subiri, kuna kingine nilitaka..." lakini mimi nilishapiga kiki. Nikaitikia kwa mkono kama mtu mwenye haraka zake.

Hapo mpashike. Nitarudi.

Jumamosi asubuhi nipo nyumbani Visiga, mama yuko jikoni nje anachambua kisamvu. Moyo haujatulia. Nikamfuata nimlalamikie, maana wivu ukikaa nao peke yako unachosha. Nikampa simu aone ile picha ya vidole niliyopiga kule saluni.

"Mama, tazama baba alivyokuwa anakaa huko Maneromango anachezea muda na watoto wa watu."

Mama akaisogeza simu, akairudisha. "Mikono ya nani hii?"

"Ya yule mwanamke mwenye page. Zuhura."

Kisamvu kikabaki mkononi. "Zuhura wa Maneromango?"

"Unamjua?"

Akanitaka nimkuzie ile picha, nikaikuza, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe kweli alikuwa mtoto."

Wale wa michepuko, kipande chenu ndicho hiki.

Mama aliniambia kwamba wakati ule baba alikuwa akirudi kutoka Maneromango anazungumza mikono ya Zuhura tu. Zuhura anajua kusimama. Zuhura ana mikono inayochorika. Safari hii nimeipata mikono ya Zuhura sawasawa. Anasema hivyo mbele ya mkewe, anakula ugali.

"Nikamuuliza Zuhura ndiyo nani. Ati akasema mtoto wa mwenye nyumba ninapofikia. Nikamwambia, Salehe, na mimi nilikuwa mtoto wa mwenye nyumba ulipofikia, ndivyo ulivyonipata."

Hilo ni kweli. Baba alimpata mama akiwa mpangaji kwao.

"Hukumwamini?"

"Nimwamini vipi? Mwanaume hasifii mikono ya mtoto. Nikamwambia weye kachore mikono ya huyo Zuhura wako, lakini siku nikiiona mikono kwenye bango lolote, mimi na Hamisi tunarudi kwetu. Safari iliyofuata akaenda kuifuta."

Nikakaa kwenye ndoo.

"Ndiyo maana mifukoni," nikasema.

"Ndiyo maana mifukoni," mama akasema. "Mpaka anaingia kaburini hakuchora mkono mwingine. Na weye unawauzia watu fulana."

Wakuu, miaka yote hiyo naandika mtandaoni kwamba baba yangu hakujua kuchora mikono. Mikono aliijua. Alikuwa analinda ndoa yake.

Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia, "Mwambie huyo mtoto aifute hiyo ya juu. Nataka kuiona yote."

Ndipo nikakumbuka leo ni Jumamosi.

Nilipiga namba ya saluni, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea, akasema alikuwa amevaa glavu.

"Zuhura, umeshaanza?"

"Nimeanzia juu, kaka. Kichwa na kifua vimeshashika. Ndiyo nashuka tumboni."

"Acha hapo hapo. Mikono usiiguse."

Akasema, "Alhamdulillahi."

Kesho yake nikaazima gari ya jirani, nikamchukua mama, tukaenda Kisarawe. Mama alivaa gauni lake la Idi. Njia nzima alikuwa anazigeuza bangili zake.

Zuhura alimpigia magoti mlangoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," mama akajibu, akamwinua.

Kazi ikafanyika mbele yetu. Zuhura analowesha pamba, anaikamua, anaibandika juu ya rangi, anasubiri, kisha anainua kipande cha rangi ya juu kwa kijiti cha kucha. Ile nyeupe ya katikati inatoka kama uji. Mifuko ya suruali ikaondoka kidogo kidogo, na mikono ikaja.

Mikono miwili ya mtoto imeshika mchi. Baba hata hakuhangaika kuugeuza mchi uwe upanga, aliuacha mchi. Kidole gumba cha kushoto kina ukucha mweusi.

"Nilikuwa nimejitwanga," Zuhura akasema, akanyoosha kidole chake. Ukucha wenyewe ulishapona zamani.

Mama akaishika ile mikono. Ya mtu, siyo ya bango. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena chini, kama mtu anayekagua mchele.

"Mbona hata sasa midogo," alisema. Kisha akasema, "Nilikuchukia weye, mwanangu, miaka mingi. Nawe ulikuwa hujamaliza hata kuota meno."

Wakakumbatiana. Wakalia. Mimi nimesimama kando na pamba chafu mkononi, na nitasema ukweli kama nilivyoahidi: nilimwonea wivu tena. Mama yangu hajanishika mikono hivyo siku nyingi.

Nadhani kwetu ni ugonjwa wa ukoo.

Sasa ile "kuna kingine nilitaka".

Tulipokuwa tunakunywa chai nikamuuliza, kwa kuzungumza tu, siku ile nilipoondoka alitaka kuniambia nini. Zuhura akaweka kikombe chini. Akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Nilitaka nikwambie habari ya uso, na namba yako sikuwa nayo," alisema.

"Uso gani?"

"Wa picha ya chini. Mikono ilikuwa yangu, lakini uso haukuwa wa mtu wa Maneromango. Nilimuuliza, mzee, huyu ni nani? Akasema ni kijana wangu wa Visiga. Nikimwambia simama nikuchore anakimbilia mpira. Lakini uso wake ninao kichwani, hana haja ya kusimama."

Nje bodaboda wanabishana.

Mimi nikageuka kulitazama bango. Pale juu, yule jamaa wa nywele za kuchana pembeni, kichwa na kifua, amekaa imara, gundi imekauka vizuri, haitikisiki hata ukigonga. Chini yake nipo mimi. Niliamuru mwenyewe.

"Nilikuwaje?" nikauliza.

"Ulikuwa unacheka," Zuhura akasema. "Na masikio makubwa."

"Yalikuwa makubwa kweli," mama akadakia.

Hiyo ndiyo hali ilivyo hadi leo wakuu. Picha ya mimi iliyochorwa na baba yangu, akiwa mbali, kwa kunikumbuka tu, ipo. Imezibwa. Na mtu pekee aliye hai ninayemjua anayeikumbuka ni Zuhura. Nimpe mtu huyo jina gani? Dada nimeshamwita. Lakini akiwa anasuka maneno kwenye video zake, mimi nawaza kwamba ndani ya kichwa kile kuna sura yangu ambayo mimi sina.

Bango tumeliweka mtandaoni kwenye page zote mbili, kama lilivyo. Juu filamu moja, chini filamu nyingine, jibaba la shati jekundu lenye mikono ya mtoto wa darasa la pili iliyoshika mchi. Zuhura aliandika, "Mikono ni yangu. Baba ni wake." Mimi niliandika maelezo marefu ya rangi na gundi. Picha ni ile ile, saa ni ile ile, na likes zake ni nyingi kuliko zangu. Nimeangalia kabla sijaanza kuandika uzi huu.

Fulana nimeacha kuuza. Zilizobaki mama amezifanya matambara ya jikoni.

Funzo langu ni dogo, hamtalipenda: mtu akikufuata nje akikwambia subiri kuna kingine, zima pikipiki. Mambo mengine ya kuacha wivu sitawadanganya, sijayaweza.

Sasa karibuni. Mwenye kunitukana anitukane, nimekuja nimejiandaa. Waliokuwa na wachoraji wa mabango kwao, waseme sura za nani zilikuwa zinachorwa.

Na kama kuna mkuu humu, fundi rangi, fundi seremala, mwalimu wa kemia, yeyote anayejua namna ya kulainisha gundi ya mbao iliyokauka bila kula rangi iliyo chini yake, naomba anijibu. Kama haiwezekani pia aseme, nijue.

Ila jibuni hapa hapa. Msiende kumwambia Zuhura kwanza.